Radhi za Mchonga Tairi

Watu wanaopita hapa Miritini, kando ya kituo cha malori, humwona Kadenge ameketi juu ya rimu kuukuu na kudhani ni mzee anayeota jua. Sijisumbui kuwasahihisha. Mimi nimemuuzia chai na mahamri kwa miaka kumi na tisa, meza yangu na rimu yake hazipishani hatua kumi, na kama kuna mtu anayemjua basi ni mimi, Mama Kai.

Kazi yake ni kuchonga matairi. Lori huja na matairi yaliyokwisha, vipara kabisa, na dereva hana namna ya kupata mapya. Kadenge ana kisu chake, kipande cha chuma alichokipinda mwenyewe kama kijiko kisicho na tumbo. Hukitia kwenye makaa mpaka kikaiva, kisha hukata mifereji mipya ndani ya mpira uliochakaa. Mpira hutoka utepe mrefu unaonuka, na tairi lililokuja laini kama sahani huondoka na mifereji ya kupendeza, utadhani limetoka dukani jana. Kipimo chake ni mkono tu. Kisu kikikaribia nyuzi za ndani yeye huhisi, na hapo husimama.

Hujisifu kwamba hakuna tairi lake hata moja lililowahi kupasuka. Mimi humwambia, Kadenge, lori likitoka hapa linakwenda zake Malaba, mpakani. Likipasuka tairi kule, nani atarudi kukusimulia? Hununa kidogo, kisha huagiza chai ya pili.

Sikatai kwamba ana mkono. Lakini miaka thelathini ya kazi moja imempa jicho moja. Kwake yeye tairi ni mifereji. Lenye mifereji mirefu ni zuri, lenye mifereji mifupi ni baya, lisilo nayo ni la kuchomea takataka. Ukimletea habari nyingine hakusikilizi, atakuuliza umechonga mangapi wewe.

Mkewe alifariki binti yao Winfred akiwa darasa la tatu, na baba mtu hakuoa tena. Mtoto alikulia kati ya rimu ile na meza yangu. Nilimsuka nywele, nikamkaripia, nikamweleza mambo ambayo baba hawezi kumweleza binti. Huniita mama, nami sijawahi kumkataza. Alipomaliza shule akaingia kwenye bodaboda, akavumilia maneno ya wanaume wa stendi kwa miaka miwili, mpaka wakachoka wao. Kisha akaja na pikipiki ya spoti.

Ilikuwa ndogo, aliuziwa na mpima ardhi mmoja aliyekuwa anahama. Ni zile ambazo mtu hulala mbele, kifua kikakaribia tangi, na usukani uko chini kama anayetaka kuokota kitu. Injini yake si kubwa, ila sauti yake ilikuwa inawatoa matanboi, wale wasaidizi wa madereva, usingizini chini ya malori. Mimi sikuipenda. Nilimwambia ina sura ya kutafuta ugomvi. Winfred alicheka, akaipangusa kwa leso yangu, nikamfukuza na kitambaa cha vyombo.

Hakuinunua kwa mapambo. Maabara moja kule mjini ilikuwa inatafuta mtu wa kuchukua sampuli za damu katika zahanati za huku bara na kuzifikisha upesi kabla hazijaharibika. Mshahara wa kila mwezi, na kadi ya matibabu. Winfred aliitaka kazi ile kwa moyo wote, na sababu yake aliniambia mimi peke yangu: alitaka baba yake aondoke juu ya rimu. Mzee alikuwa ameanza kukohoa ule moshi wa mpira, na macho nayo yalikuwa yanamwaga maji kila jioni. Watu wa maabara waliikagua pikipiki, wakaridhika na kila kitu isipokuwa matairi. Wakamwambia arudi nayo Jumatatu ikiwa na matairi ya kuaminika, kazi ni yake.

Ijumaa tukaenda Magongo, kwa Hussam, anayeuza vifaa vya pikipiki. Mimi nilikuwa nafuata unga wa ngano, nikafuatana nao. Kadenge alivaa shati la kanisani. Binti anakwenda kununua matairi na baba yake ni mtu wa matairi, ilikuwa siku yake hiyo, na njia nzima alikuwa anasalimia watu asiowajua.

Hussam ni kijana wa kwao, wa nyumba za zamani, ana adabu mpaka mtu anaona haya kuomba apunguziwe bei.

"Shikamoo mzee Kadenge. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Biashara yaendaje?"

"Alhamdulillahi, twashukuru. Karibuni mkae."

Akatandika gunia sakafuni, akalaza jozi mbili za matairi. Zote zilikuwa za kipimo cha pikipiki ile, hilo Winfred alilihakikisha mwenyewe. Alichutama, akasoma nambari za ubavuni, akatafuta zile tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, akatazama mshale unaoonyesha tairi lizunguke upande gani. Kumbe alikuwa amejifunza yote hayo kwenye simu. Kadenge alimtazama binti yake anasoma tairi, maana yeye maisha yake yote hakuwahi kulisoma, alikuwa analipapasa.

"Hii jozi ya kwanza mpira wake ni laini," Hussam akasema. "Bonyeza kwa ukucha, mzee. Waona alama? Pikipiki hii ikikata kona hulala ubavu. Ikishalala, kinachomshika mtu na barabara ni kipande cha mpira hakizidi kiganja changu. Kwa hivyo ule mpira wataka uwe laini, na uwe mwingi. Hii ya pili ni ngumu. Itadumu mara mbili ya ile, wallahi, na mifereji yake ni mirefu kama uionavyo. Lakini hiyo ni ya mtu wa mwendo wa pole, na barabara ya vumbi."

Kadenge aliinua tairi laini, akaligeuza, akapitisha kidole katika mifereji yake michache. Akacheka.

"Hiki ni kipara cha kuzaliwa," akasema, na watu waliokuwa dukani wakacheka naye. "Mimi naletewa matairi yenye mifereji mingi kuliko hili niyachonge. Wewe unaliuza kama jipya?"

"Mzee wangu, mifereji ni ya kutoa maji tu. Kinachoshika lami ni mpira wenyewe. Ukizidisha mifereji umepunguza mpira. Na huu mpira laini ukikatwa sana, huyumba, mwisho humeguka."

"Nani amekufundisha?"

"Waliotengeneza, mzee. Na wanaoendesha."

"Mimi nimekata matairi kabla mama yako hajaolewa." Akageuka. "Winfred, chukua yale mengine."

Winfred alikuwa bado amechutama. "Baba, nitachukua haya laini."

"Nimesema yale."

"Nimekusikia, baba. Lakini nitakayeyapanda ni mimi."

Alisema kwa upole, sauti ya chini kabisa, lakini alisema. Kwetu mtoto hamjibu baba yake hivyo mbele za watu, hata awe amesoma mpaka ng'ambo, hata awe ndiye anayenunua. Hussam akajitia kutafuta risiti. Kadenge akarudisha tairi chini polepole, akajikung'uta mikono, akatoka. Alitembea kwa miguu kutoka Magongo hadi Miritini katika jua la saa saba, na shati lake la kanisani.

Jumatatu Winfred akapata kazi. Alinijia na fulana ya maabara na kisanduku cha sampuli kimefungwa nyuma ya pikipiki, anang'aa uso mzima. Kwa baba yake alisimama mbali kidogo. Mzee akasema, "Vizuri," akaendelea na tairi lake. Hawakugombana. Walisalimiana asubuhi na jioni, chakula walikula pamoja, ila ile mizaha yao iliisha, na mimi niliyezoea kuisikia nikawa nasikia malori tu.

Kisha mvua za masika zikaanza. Mvua ikinyesha barabara hii huwa mbaya, kwa sababu malori yanavuja mafuta mwaka mzima na maji ya kwanza huyainua yote juu ya lami. Kadenge akawa hakai. Kila wingu likijikusanya upande wa Changamwe alisimama, akatazama njia. Lori likipita na kurusha maji alihesabu kimoyomoyo, nilimwona midomo. Hakumwambia binti neno. Angemwambia nini? Alikwisha kumwambia, akajibiwa mbele za watu.

Jumapili moja Winfred alikwenda kanisani, ana zamu ya kwaya. Pikipiki aliiacha chini ya paa langu la mabati. Nilikuwa nakanda unga nilipomwona Kadenge anakuja na jiko lake la makaa na kisu kidogo ambacho sikuwahi kukiona, amekitengeneza kwa kipande cha msumeno.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Maji yatapita wapi, Mama Kai?" Akapiga magoti. "Hebu tazama. Mifereji minane tu tairi zima. Maji yatapita wapi?"

"Muulize mtoto kwanza."

"Nimuulize nini? Nimemlea mimi."

"Yule kijana wa duka alisema—"

"Yule kijana anauza. Mimi simuuzii mtu hapa."

Nilipaswa kuangusha ule unga na kulipindua jiko. Nasema hivi sasa. Siku ile nilifikiri, huyu ni fundi, ana miaka thelathini, na huyu ni baba, na mimi najua nini kuhusu matairi zaidi ya kuvuta moshi wake? Tena nilifurahi. Nilimwona amemsamehe binti yake, maana mtu aliyenuna hapigi magoti kwenye sakafu yangu kwa saa mbili. Nikamtilia chai, nikamwekea mahamri mawili juu ya stuli, sikumdai.

Na alifanya kazi nzuri, Mungu anisamehe. Sijamwona akichonga vile. Alifuata mistari ya tairi lenyewe, akaongeza mifereji myembamba kwenye mabega, kule kunakolala pikipiki kwenye kona, akaifanya iende sambamba na ile ya kiwandani hata jicho lisitofautishe. Mpira ulikuwa unakatika kama siagi, na hilo lilimfurahisha. Alipomaliza akapaka tope pande zote kuficha michongo mipya, akasimama kwa kushika kiuno.

"Usimwambie," akasema. "Atadhani namlazimisha."

Sikumwambia.

Jumatano saa nne asubuhi, mvua ikiwa manyunyu tu, Winfred alikuwa anateremka kuelekea Changamwe na kisanduku kimejaa. Hakuwa na mbio. Hata dereva wa lori lililokuwa nyuma yake alisema hivyo polisi, na madereva wa malori si watu wa kuwatetea wenye pikipiki. Alilaza pikipiki kwenye kona kama alivyoilaza kila siku, na ikamtoka chini yake. Yeye akateleza upande mmoja, pikipiki upande mwingine. Lori lilifunga breki, likaburuta matairi, likaja kusimama gurudumu la mbele likiwa limeshampita juu ya mguu wa kulia.

Walimkata juu ya goti siku iliyofuata. Madaktari walisema hakukuwa na njia nyingine, nami nilipouona kabla hawajamchukua, niliamini.

Mtaani maneno yakawa mengi. Wengi walimlaumu Hussam kwa kumuuzia mtoto wa watu vipara. Wengine walitikisa kichwa na kusema baba alimwonya. Kadenge aliketi juu ya rimu yake, watu wakawa wanakuja kumpa pole na kumsifu kwa pumzi moja, na kila aliyesema "ulijua, mzee" nilimwona anapungua. Malori yalikuja akayafukuza. Chai niliyompelekea ilipoa.

Siku ya tano akaja Hussam. Hakuja mezani kwangu, alikwenda moja kwa moja kwa Kadenge, akamsalimu kwa heshima ileile, akachutama mbele yake. Nilisogea. Sikujificha.

"Mzee wangu, nimekwenda kituo cha polisi kuitazama pikipiki. Watu wasema mengi, nikataka nione kwa macho yangu. Tairi la nyuma limemeguka begani. Vipande vitatu vimetoka, na vyote vimetokea pale kisu kilipopita."

Kadenge akaitazama mikono yake.

"Hata la mbele limechongwa. Polisi hawakuona. Kazi safi mno, hawawezi kuona." Kijana alikuwa analengwa na machozi. "Mimi sitasema kwa mtu, mzee. Wacha wanitukane, duka langu litasimama inshallah. Lakini yeye alala pale na hajui. Hilo si neno langu kumwambia, ni lako."

"Nitamwambia," Kadenge akasema. Ndilo neno la kwanza nililosikia kwake siku mbili.

Hussam akamshika mikono yote miwili, akaondoka.

Tulikwenda hospitali kesho yake, saa za kutazama wagonjwa. Njiani Kadenge alikuwa anasema peke yake, anajaribu maneno. Nilisikia "mwanangu, ni mimi," nikasikia "maji, niliogopa maji." Mlangoni akasimama, akaniomba niingie naye. Nikaingia.

Winfred alikuwa amelala chali, shuka limeinuka upande mmoja na upande wa pili limelala. Uso wake ulikuwa mdogo. Alipomwona baba yake akaanza kulia kabla hatujafika kitandani, akanyoosha mkono.

"Baba, nimewaza sana. Siku zote hizi nawaza."

"Tulia, mwanangu. Kuna jambo—"

"Niache niseme. Nikiacha sasa sitaweza. Nilikuaibisha pale dukani. Wewe, mtu wa matairi, nikakujibu mbele za watu. Ukaondoka na moyo mzito, ukatembea juani, na mimi nikakaa na kiburi changu majuma yote yale, sikukuomba radhi."

"Winfred. Lile tairi—"

"Najua, baba. Uliniambia. Usilirudie, nakuomba, najua." Alikuwa amemshika kidole kama alivyokuwa akimshika akiwa mdogo, wakivuka barabara. "Mguu umekwenda na ukaidi wangu. Sasa nataka radhi zako. Nisipozipata, hata huu uliobaki hautanisimamisha."

Kadenge akageuka, akanitazama. Miaka kumi na tisa, sijawahi kuona macho yale. Alikuwa ananiomba nimtoe pale. Kwa kusema au kwa kunyamaza, sijui, na sikutaka kujua. Ningeweza kusema mimi. Maneno manne yangetosha: baba yako aliyachonga matairi. Nilijiambia namhurumia msichana, amekwisha kupoteza mguu, nimtoe na baba pia? Lakini si kweli. Niliogopa. Na mimi nilikuwepo Jumapili ile, nilimtilia chai. Nikaanza kunyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka.

Mama mmoja wa kitanda cha pili, aliyesikia yote, akasema, "Mpe mtoto radhi, baba. Mbona unamngojesha?"

Kadenge akaomba maji. Nilimpa kikombe kilichokuwa juu ya kabati. Kwetu, mzazi akitoa radhi huchukua funda la maji, akampulizia mtoto kifuani, ndipo aseme. Akavuta funda. Alikaa nalo kinywani muda mrefu, mashavu yamejaa, macho yanamwagika. Nikafikiri atalimeza, aseme. Akampulizia. Matone yakatua shingoni na juu ya bandeji ya mkono, na Winfred akafumba macho.

"Kama nilikuwa na kinyongo nimekitoa," Kadenge akasema. Sauti ilikuwa haitoki vizuri. "Kosa lako nimelisamehe, mwanangu. Sina neno juu yako."

Maneno hayo hayakamiliki mpaka awepo mtu mzima wa kuyaitikia. Asipokuwepo, ni kama hayakusemwa. Winfred analijua hilo. Alifumbua macho, akageuza kichwa kwenye mto, akanitazama, akingoja.

"Amina," nikasema.

Akatushukuru, baba yake kwanza, kisha mimi.